Naomba ushauri: sala inanituliza au inanifanya nikwepe?

Habari zenu ndugu zangu, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie mawazo.

Ni mwezi wa tano tangu nipunguzwe kazini. Msongo ukinizidi usingizi unakata, naamka saa tisa usiku, napiga magoti na kusali mpaka kunakucha. Nikimaliza kweli moyo unatulia, kifua kinaacha kubana. Shida ni asubuhi: barua ya benki iko palepale chini ya kitabu cha sala, wiki ya tatu sasa sijaifungua. Kila nikiishika najiambia "nimeshamkabidhi Mungu", nairudisha.

Nilisoma kuhusu Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1988 yeye na wenzake walieleza namna 3 ambazo waumini hukabili matatizo: wapo wanaojitegemea, wapo wanaomwachia Mungu yote na kungoja, na wapo wanaotimiza sehemu yao huku wakishirikiana naye. Nilijiona kwenye ile ya pili, ikaniuma.

Nimejaribu kupunguza sala ili nishughulikie mambo. Hofu ikarudi na barua haikufunguliwa. Kiongozi wangu wa dini ananiambia niongeze imani tu. Mshauri nasaha sijamwona bado.

Naomba kuuliza: mliopitia hali hii, mliifanyaje sala iwape nguvu ya kutenda bila kuiacha? Na dalili zipi zinaonyesha kwamba sasa ni lazima nimwone mshauri nasaha?