Gitaa nililotengeneza mwenyewe halikai kwenye tuni, nibadilishe funguo?

SeremalaMakorora:
Wakuu habari zenu. Nipo Makorora, Tanga. Kazi yangu vitanda na makabati, sasa nimejaribu gitaa. Shingo na mbavu ni mninga, ubao wa freti ni mpingo, uso wa mbele plaiwudi ya milimita 3. Funguo za kukazia nyuzi, freti (vile vichuma vinavyokingama shingoni) na nyuzi za chuma nimeagiza Kariakoo. Kutoka kimfupa cha juu, kinachobeba nyuzi karibu na funguo, hadi kile cha kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa usoni, ni milimita 650 kamili.

Nyuzi zikiwa wazi, simu inasema sawa zote. Nikibonyeza freti ya kwanza sauti inapanda kuliko inavyotakiwa kwa senti 25 hivi (senti 100 ni hatua ya freti moja), ya kumi na mbili inapanda 20. Halafu nikililaza usiku, asubuhi limeshuka. Tuni yake ya Tanga hasa, waja leo waondoka leo. Jirani yangu anapiga kwenye bendi ya harusi, anasema funguo ni feki nizitupe. Nisaidieni kabla sijatoa hela nyingine.

mzee_wa_chaki:
Nunua la dukani uendelee na makabati 😂

FundiNgamiani:
Mwanangu, funguo usizitupe. Funguo ikiteleza, sauti inashuka, na inashuka kotekote. Haiwezi kuacha uzi wazi ukiwa sawa halafu ikapandisha freti ya kwanza. Jirani yako apige gitaa, ufundi akuachie.

Anza na freti zenyewe. Kwa urefu wa 650, ya kwanza iwe milimita 36.5 kutoka kimfupa cha juu, ya tano 163, ya saba 216.2, ya kumi na mbili 325. Zote pima kutoka juu, usipime freti kwa freti, maana kila kosa dogo linabebwa na linalofuata. Wewe ni seremala, sidhani kama umekosea hapo.

Sasa kimfupa cha juu. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, chungulia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Karatasi ya daftari ipite kwa taabu. Ikiwa inapita kadi ya simu, mifereji yako iko juu mno: unapobonyeza unauvuta uzi, ukivutwa unapanda. Senti 25 zako ziko hapo. Chimba kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, mteremko uelekee upande wa funguo. Ukizidisha uzi utakwaruza freti na itabidi uchonge kimfupa kipya. Mfupa wa ng'ombe pale machinjioni si wa kulilia.

Ya kumi na mbili usiiguse kabla ya hapo, vipimo vyake vitakudanganya. Ukimaliza juu, gusa uzi kwa ncha ya kidole usawa wa freti ya kumi na mbili bila kubonyeza, upige, usikie ile sauti ya filimbi. Kisha bonyeza upige tena. Ya kubonyeza ikiwa juu, uzi wako ni mfupi. Na wako lazima uwe mfupi, umeniambia mwenyewe ni 650 kamili! Hakuna gitaa la nyuzi za chuma linalokaa kamili. Kimfupa cha chini kinarudi nyuma, milimita 2 hivi kwa uzi mwembamba, 4 hadi 5 kwa ule mnene. Ndiyo maana kwenye magitaa ya dukani unakiona kimekaa upande.

Hilo la asubuhi ndilo linaloniogopesha. Weka rula juu ya uso, nyuma ya daraja. Umevimba? Ndani umeweka mbao ngapi za kukaza? Na gundi gani?

BintiBagamoyo:
Shikamoo fundi. Naongezea: nyuzi za chuma sita zinavuta kilo 70 hivi kwa jumla, za nailoni kama 40. Kama shingo haina chuma ndani, kaka weka nailoni, sisi huku Bagamoyo ndizo tunazotumia. Pia paka risasi ya penseli kwenye mifereji. Ukisikia "ting!" unapokaza, uzi umekwama hapo.

FundiNgamiani:
Marahaba binti. Penseli sawa. Nailoni hapana, huu ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, atapigaje rumba kwa nailoni? Aweke nyuzi za chuma nyembamba, zile zinazoanzia 10, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010. Mvutano unapungua.

SeremalaMakorora:
Shikamoo mzee. Freti ziko sawa. Kimfupa nimekichimba, freti ya kwanza sasa inapanda senti 4 tu! Uso kweli umevimba, ndani nina mbao mbili za kukingama, gundi ile nyeupe ya kawaida. Shingo haina chuma.

FundiNgamiani:
Marahaba. Gundi nyeupe ikipata joto na mvutano inatambaa, ndiyo inayokushusha usiku. Mninga usiutilie shaka, ni mti mtulivu. Legeza nyuzi zote leo hii. Ingiza mkono kwenye tundu, ongeza mbao mbili zikatane kama X chini ya daraja, kwa gundi ya epoksi, ubane siku nzima. Nyuzi nyembamba kama nilivyosema, shingo nayo itapumua.

SeremalaMakorora:
Na kimfupa cha chini nikigandishe wapi?

FundiNgamiani:
Usikigandishe popote. Uso ukikauka utakaa tofauti na sasa. Chonga mfereji mpana kwenye daraja, upande wa uzi mnene urudi nyuma zaidi, kisogeze huku unapima. Nyuzi zenyewe zitakishika.