Tunauziwa rekodi za Bach na Scarlatti bila tarehe, bila jina la ala na bila aibu

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Mtu anayekusanya na kulinganisha rekodi za muziki wa vinanda wa enzi ya Baroki hadai makubwa kwa wanaozitoa na kuziuza. Anataka kujua ni nani anayepiga, alirekodi lini na wapi, ala ni ipi na ilitengenezwa na nani, imepandishwa hadi kimo gani cha sauti, na kama marudio aliyoyaandika mtunzi yamepigwa au yameachwa. Yote hayo yanaenea nusu ukurasa. Enzi za santuri ilikuwa kawaida kuyakuta nyuma ya jalada. Leo, nafasi ya kuandika ikiwa haina kikomo, tunapewa picha ya mshumaa na neno "Bach".

Chukueni Goldberg Variations ya Bach, yaani aria (wimbo wa ufunguzi) na variesheni 30, vipande vilivyojengwa juu yake, kazi iliyochapishwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1741 kwa ajili ya harpsikodi (kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa kwa kucha ndogo) yenye safu mbili za vibao. Mpiga piano Glenn Gould aliirekodi studio mara mbili, zote New York: Juni 1955, kisha 1981, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Hakuna mpenzi wa muziki huu asiyejua kwamba hizo ni fikra mbili zinazopingana. Aria ya ufunguzi haifiki dakika 2 katika rekodi ya kwanza na inapita dakika 3 katika ya pili. Sasa, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni ambayo nailipia kila mwezi imeziweka zote mbili chini ya mwaka mmoja, ambao si 1955 wala 1981, bali ni mwaka ambao sauti ilisafishwa na kutolewa upya. Anayeanza leo ataambiwa na rafiki yake "sikiliza ile ya 1955", na hatakuwa na namna ya kuitambua ila ashike saa na kupima aria.

Mchezo huu wa miaka ndio mzizi wa ubabaishaji wote. Herufi P ndani ya duara, ambayo msikilizaji huisoma kana kwamba ni tarehe ya kurekodi, inahusu kutolewa kwa rekodi, na kampuni ikigusa sauti kidogo tu huandika mwaka mpya pale pale. Hivyo mpiga harpsikodi Wanda Landowska, aliyerekodi kazi hiyo hiyo Paris mwaka 1933, anajitokeza kwenye orodha kama mpigaji wa karne ya 21. Hilo si dogo hata kidogo. Harpsikodi yake ilitengenezwa na kampuni ya Pleyel, ni dude la karne ya 20 lenye safu ya ziada ya nyuzi zinazolia oktava moja chini, na sauti yake iko mbali sana na ala zilizonakiliwa kutoka kwa mafundi wa zamani, ambazo wapigaji wa baadaye kina Gustav Leonhardt walizifanya ziwe kawaida. Msikilizaji asiyeambiwa mwaka wala ala atadhani Landowska ana ladha ya ajabu, kumbe anasikia hali ya utengenezaji wa ala katika zama zake. Halafu wasafishaji nao wakachangia: katika hamu yao ya kuondoa mikwaruzo ya diski za zamani, wamekata sauti za juu ambako ndiko uliko mlio wa ukucha unapodonoa uzi. Kinachobaki kinafanana na gitaa lililofunikwa blanketi, na jalada linajisifu kwamba sauti "imeboreshwa".

Niseme na langu. Kuna muuzaji wa CD wa nje ambaye simtaji, alitangaza rekodi ya Goldberg kwa harpsikodi kama "toleo la kihistoria lililopatikana upya". Nikalipa, nikalipia usafiri, nikalipia na ushuru hapa Dar es Salaam. Nilipoiweka sambamba na rekodi ambayo tayari ninayo kabatini, ya mpigaji huyo huyo, nikasikia kiti kikilia kwa mlio ule ule, katika mpigo ule ule wa variesheni ya 25, na ukurasa ukigeuzwa mahali pale pale. Ni rekodi moja iliyovalishwa majalada mawili. Nilipoandika kudai fedha zangu, nilijibiwa kwa upole mwingi kwamba maelezo ya bidhaa hutolewa na mchapishaji na kwamba wao hawahusiki. Mchapishaji hajajibu. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi ambaye tayari ni wako.

Jambo la marudio linaniudhi zaidi, kwa sababu hapo wahakiki nao ni washirika. Kila variesheni kati ya zile 30 ina nusu mbili, na kila nusu imeandikiwa kurudiwa. Akirudia zote, mpigaji anakaribia dakika 80 au zaidi. Akiziacha, anamaliza kwa karibu nusu ya muda huo. Gould wa 1955 alitumia dakika 38 na ushee kwa sababu aliacha marudio, si kwa kasi peke yake, na sehemu ya dakika 51 za 1981 inatokana na marudio aliyoyarejesha katika kanoni (vipande ambamo sauti moja huiga nyingine) na kwingineko. Lakini soma maelezo ya wauzaji na tathmini za wahakiki: "rekodi ya kasi", "rekodi ya taratibu", basi, wamemaliza. Wangesikiliza badala ya kusoma jumla ya dakika wangekutana na jambo la kushangaza: variesheni ya 25, ile ya G maina yenye huzuni nzito, ambayo mara zote mbili aliipiga bila marudio, ilichukua kama dakika 6 na nusu mwaka 1955 na kama dakika 6 tu mwaka 1981. Mzee anayesifiwa kwa utulivu alikuwa mwepesi kuliko kijana. Ugunduzi wa namna hiyo ndio raha ya kazi yetu ya kulinganisha, na haupatikani kama wauzaji hawasemi kilichopigwa na kilichoachwa.

Kimo cha sauti nacho kimekuwa uwanja wa fujo. Wapigaji wengi wa harpsikodi siku hizi huipandisha La yao (noti inayotumika kama kipimo cha kupandisha ala) hadi hezi 415, takriban nusu toni chini ya 440 ya piano zetu. Ni uamuzi halali na una sababu zake. Sasa wamezuka watu wanaopakia rekodi hizo kwenye tovuti za video baada ya "kuzisahihisha" zifikie 440, na wengine hufanya hivyo kwa kuharakisha tu mwendo. Maana yake ni ongezeko la kasi la takriban asilimia 6, bila neno hata moja la tahadhari. Nimeona mjadala mrefu hapa hapa kuhusu haraka ya mpigaji fulani, na ushahidi wote uliotolewa ulikuwa video ya aina hiyo.

Kuhusu huduma za mtandaoni kwa jumla, yatosha kusema kwamba hazikuundwa kwa ajili ya muziki wenye mpangilio. Gould alipanga rekodi ya 1981 ili mpigo wa variesheni moja uzae mpigo wa inayofuata. Huduma ikichomeka ukimya wa sekunde 2 katikati, imeivunja. Na asiyelipia anapewa adhabu nyingine. Variesheni ya 15 inakwisha kwa sauti ya juu kupanda peke yake hadi kuachwa ikining'inia, kabla ya ile ya 16 kufungua nusu ya pili kwa kishindo cha mtindo wa Kifaransa. Katika pengo hilo hilo asiyelipia husikilizishwa tangazo la kubeti.

Sijafika kwa Domenico Scarlatti, na labda nisingefika, maana huko ni vurugu tupu. Ana sonata (hapa, vipande vifupi vya kinanda) zaidi ya 550, na kinachozitenganisha ni namba tu. Ralph Kirkpatrick alizipanga upya mwaka 1953 kwa namba za K., lakini namba za zamani za Alessandro Longo, za L., bado zinatumika, hivyo sonata ile maarufu ya E meja ni K. 380 na ni L. 23. Mpiga harpsikodi Scott Ross alizirekodi zote miaka ya 1984 na 1985, CD 34, zikiwa na namba zake. Kwenye huduma ninayoitumia, mikusanyo mingi ya wapiga piano imeandikwa "Sonata katika D maina" bila namba yoyote, wakati za D maina ni chungu nzima, na nyingine zimewekwa chini ya jina la Alessandro Scarlatti, baba yake!

Ninachoomba kwenu ni hiki. Mwenye kijitabu halisi cha rekodi yoyote ya Goldberg, ya fyuga za Bach (vipande ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine kwa wimbo ule ule), ya mtunzi Mfaransa Couperin au ya Scarlatti, aandike hapa chini tarehe ya kurekodi, mahali, ala na mtengenezaji wake, kimo cha sauti, na hali ya marudio, akitaja pia namba ya katalogi iliyo ubavuni mwa kasha. Naanza na zangu za Leonhardt, aliyeirekodi Goldberg mara tatu, 1953, 1965 na 1976, kwa kuwa hizo ndizo zinazochanganywa kuliko zote kwenye orodha ninazoziona. Wauzaji mlio humu, nanyi mnajijua, karibuni mjibu.