Tupeane uzoefu: upepo na mafuriko vikija, silaha na vitu vyako vya thamani unaviweka wapi?

Mwana Uyole
Wakuu, habari za asubuhi. Usiku wa kuamkia leo upepo umeezua upande mzima wa nyumba ya jirani yangu, bati tumezikuta kwenye shamba la viazi la mtu mwingine. Mama wa watu halilii bati. Analilia vyeti vya watoto na picha za marehemu mume wake. Tangu alfajiri tunaanika karatasi moja moja kwenye makochi, na picha zimegandana kama chapati.

Nimemkumbuka marehemu mzee wangu. Alikuwa na shotigani, leseni yake safi kabisa, na mvua ya mwezi wa tatu ikianza kupiga bati alikuwa anauliza kitu kimoja tu: "Bunduki imekauka?" Najua humu kuna watu wa Kyela, Makete, Iringa. Mnahifadhije? Na walioloweshewa walifanyaje?

Ndaga Fijo
Tukuyu hapa. Huku mvua tunaijua, ila upepo wa mwaka huu ni mwingine kabisa.

Mnyasa wa Kyela
Mkuu, umenigusa pabaya. Hili sijawahi kuliandika popote.

Ilikuwa Aprili, saa nane usiku. Maji ya mafuriko hayapigi kelele jamani, watu wanadhani utasikia. Mimi nilishusha mguu kitandani nikakanyaga maji ya kifundo, ndala zinaelea. Nikambeba mama mgongoni mpaka kwa jirani mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, aliyeinua msingi. Nikarudi kumchukua baba. Nakuta mzee wa miaka 71 amepiga magoti ndani ya maji yaliyomfika kifuani, anahangaika na kufuli.

Bunduki yake ilikuwa kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa nati kwenye sakafu, ili mwizi asilibebe. Mwizi kweli hawezi, lakini na wewe maji yakija huwezi. Tope limeingia kwenye kufuli, ufunguo unaingia nusu. Nikamwambia baba tutoke. Akasema, "Hii imeandikwa jina langu. Ikipotea, polisi nitawaambia nini?" Nikamwambia tena. Akanisukuma. Baba yangu hajawahi kunisukuma hata nilipokuwa mdogo.

Ndipo ukuta wa jikoni ukaanguka. Ni matofali mabichi yale, yakilowa yanashuka yote kwa mkupuo, mlio wake kama gunia la mpunga limedondoshwa kutoka kwenye lori. Nikamshika baba shati kwa nyuma nikamvuta, vifungo vikakatika vyote. Tulipofika mlangoni ukuta wa chumba chake nao ukashuka, pale pale alipokuwa amepiga magoti.

Siku ya tatu maji yalipopungua tulilikuta sanduku bado limeshika sakafu. Tukakata kufuli kwa msumeno mbele ya mwenyekiti wa kijiji, tukaenda kituoni na silaha na leseni. Mtutu ulikuwa umeshaota kutu rangi ya pumba, kitako cha mbao kimevimba mpaka skrubu moja imezama ndani. Wiki mbili baba hakunisemesha. Alipofariki tuliikabidhi polisi kama inavyotakiwa, maana leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Lakini hakuwahi kuniambia kama usiku ule nilifanya vizuri au vibaya.

Mama Wawili Makete
Ulifanya vizuri, mwanangu.

Kamwene
Naunga mkono mama hapo juu.

Mzee wa Kazi
Mimi natofautiana kidogo. Silaha si redio. Ikisombwa na maji ikaokotwa na mtu mbaya, damu itakayomwagika inaanzia kwako. Mzee alijua uzito wa kitu alichopewa. Kosa ni sanduku kufungwa chini.

Ndaga Fijo
Mzee wa Kazi, mtu kaponea chupuchupu wewe unaleta kosa? Na kwanza bunduki Kyela ya nini, wakati watu wanalima mpunga na kokoa?

Mnyasa wa Kyela
Huo mpunga unaousema viboko wanautafuna usiku kucha, kaka. Na nguruwe pori. Usiulize kama hujawahi kulala kwenye dungu la kulindia mpunga.

Mzee wa Kazi
Sikumlaumu baba yake. Nimesema sanduku. Soma vizuri.

Itezi Bado Tupo
Naomba mnisamehe natoka kidogo kwenye bunduki. Neno "ukuta" limenirudisha mwaka 2024, mlima Kawetere uliposhuka huku Itezi, Mbeya, ukafunika nyumba na shule. Tope lile si kama maji. Maji yanapita, tope linakaa. Kwetu lilijaa mpaka usawa wa dirisha, likakauka na vitu vikiwa ndani.

Mimi nilikuwa natafuta cherehani ya mama tu. Ya miguu, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika upande anaowekea mkono. Ada zangu zote zimetoka kwenye cherehani ile. Tulichimba kwa majembe, baadaye kwa mikono tusije tukaivunja. Tukaanza kupata gurudumu, halafu mkanda, kichwa kikawa cha mwisho. Chini ya meza yake tukakuta sanduku la bati la mama, limebonyea lakini halijafunguka, na ndani kanga zake za harusi kavu kabisa, bado zina harufu ya vidonge vya nondo. Mama alikaa chini kwenye tope akazifungua moja moja, akawa anatusomea maandishi kwa sauti.

Mama Wawili Makete
Jamani. Nimelia ofisini.

Kamwene
Pole sana dada. Cherehani ilipona?

Mwana Uyole
Dada pole. Tuambie, mlikaa wapi baada ya hapo? Mama anaendeleaje?

Itezi Bado Tupo
Mama yupo, anashona. Fundi aliiloweka kwenye mafuta ya taa siku mbili, akabadilisha mkanda. Inapiga kelele zaidi ya zamani.

Mgambo Mstaafu
Nirudi kwenye swali la mwenye mada. Bunduki ikilowa, kwanza toa risasi, ihakikishe tupu kwa jicho na kwa kidole. Kama ni maji ya mafuriko, suuza tope kwa maji safi, usiache mchanga ukakaukia ndani. Futa, pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu mpaka kitoke cheupe, halafu paka mafuta mepesi. Ya cherehani yanafaa kwa dharura. Mafuta ya kula hapana, yanaganda kama gundi. Usianike juani wala karibu na moto, kitako kitapasuka. Risasi zilizozama usijaribu kupiga, peleka kituoni. Na isipoonekana, toa taarifa polisi mara moja, usisubiri utafute kwanza.

Kamwene
Kamwene wapendwa, Iringa hapa. Babu alikuwa na gobore na mkuki. Baruti ikivuta unyevu imekufa, kwa hiyo aliitundika juu ya jiko, kwenye moshi. Mkuki hadi leo tunao, tunaufunga nailoni na kuubana kwa mpira.

Mgambo Mstaafu
Baruti juu ya moto, dada? Usimfundishe mtu hilo. Na nailoni inatoa jasho, ikifungwa na unyevu ndani chuma kinaoza kimya kimya. Mfuko wa ngozi ndio mbaya zaidi.

Kamwene
Babu alifika miaka tisini na nyumba haikuungua.

Ndaga Fijo
Weka mkaa mkavu ndani ya kabati, unavuta unyevu.

Mzee wa Kazi
Mimi naona bora mchele, mkaa una vumbi.

Mama Wawili Makete
Mchele wa Kyela ulivyopanda bei hivi umpe bunduki? Tumieni mkaa 😊

Mimi sina silaha, nina karatasi. Ukungu wa Makete umenifundisha. Vyeti, hati ya kiwanja na kadi za kliniki za watoto naviweka kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko wa kubana, nimeifunga kwa kamba kwenye kenchi juu ya chumba cha katikati. Mafuriko hayafiki, na tope nalo likija halitaifikia.

Itezi Bado Tupo
Upepo ukiezua je, si inaondoka na kenchi?

Mama Wawili Makete
Hapo umenibana, mwanangu. Nitaishusha leo.

Mnyasa wa Kyela
Mwenye mada, zile picha usizibandue zikiwa kavu. Zirudishe kwenye beseni la maji safi ya baridi, ziache zenyewe zilegee, halafu zianike kivulini, sura juu. Tuliokoa mbili za baba hivyo.

Mwana Uyole
Ahsante, kaka. Tumejaribu. Nane zimeachana vizuri, moja imebaki nusu uso. Ya harusi bado iko kwenye beseni, mama kakaa pembeni yake hataki mtu aiguse.