Mrejesho: gari langu lililogongwa likiwa limepaki

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliwaomba ushauri baada ya gari langu kugongwa likiwa limepaki Kariakoo: mlango umebonyea, bampa limeingia ndani, mikwaruzo kibao, na aliyegonga hajulikani. Bima yangu ni ndogo, hailipi uharibifu wa gari langu mwenyewe.

Nilipitisha ukucha kwenye kila mkwaruzo kama mlivyosema, ili kujua umeingia kina gani. Pale ukucha ulipoteleza bila kukwama, fundi alipiga msasa wa maji namba 2000, kisha polishi, ikaisha kabisa. Mmoja kwenye fenda ulifika kwenye bati. Huo tuliuwahi kwa praima, ile rangi ya chini, kabla ya kutu. Bampa la plastiki lilirudi kwa maji ya moto na kusukumwa kwa ndani.

Mlango ndio ulioninyima usingizi. Fundi wa kwanza alitaka kujaza pati, ule uji mzito unaokauka na kuziba bonyeo, na kupaka rangi mlango mzima. Nilikataa, maana rangi haikuwa imepasuka. Wa pili alifungua kava la ndani, akasukuma bati taratibu kwa vyuma vyake, kwa muda wa karibu saa mbili. Juani bado naona kivuli kidogo, lakini rangi ni ileile ya kiwandani. Aliyeniambia nisikubali pati haraka, asante sana ndugu yangu.