Tupeane uzoefu: kuhamishia nyimbo kwenye kifaa cha ramani cha gari, ulikwama wapi na ulitokaje?

#1
Wakuu habari zenu. Nafungua uzi huu maana wiki nzima nimehangaika na kitu nilichodhani ni cha dakika kumi, kuweka nyimbo kwenye kile kifaa cha ramani cha kubandika kwenye kioo cha gari, kile kinachopiga na mziki. Naanza na yangu halafu na nyie mshushe za kwenu, ila naomba iwe kitu kilichokukuta wewe mwenyewe, siyo ulichosimuliwa.

Nilichomeka kifaa kwenye laptop kwa waya uleule ninaochajia ndani ya gari. Kikawaka, kikaonyesha alama ya betri, basi, laptop haioni kitu. Nikahamia tundu lingine la USB, nikazima nikawasha, nikafuta draiva nikaziweka upya, jioni yote ikaishia hapo. Kesho yake nikachukua waya wa kamera ya zamani wenye kichwa kilekile cha mini USB, kuchomeka tu ule mlio ukalia na diski mpya ikatokea kwenye kompyuta. Kumbe ule waya wa kwanza ni wa umeme tu, wa data haumo. Ningeanza na waya ningeokoa jioni nzima.

Haikuishia hapo. Nyimbo zangu nyingine zilikuwa faili za aina ya M4A na FLAC, kifaa kinasoma aina ya MP3 peke yake, mimi nikazibadilisha majina, nikafuta .flac nikaandika .mp3. Kwenye orodha zikatokea vizuri kabisa, ukigusa wimbo kimya, unarukia unaofuata, kimya, unarukia mwingine. Ile herufi tatu za mwisho ni kibandiko tu wakuu, cha ndani kinabaki kilekile. Inabidi upitishe kwenye programu ya kubadilisha kweli, mimi nilitumia fre:ac, ya bure, unaburuta folda nzima ndani, unachagua MP3, unaiacha ifanye kazi.

Haya, twendeni.

#2
Mkuu umenigusa hapo kwenye kubadilisha. Mimi kosa langu lilikuwa kinyume na lako. Nilikuwa na MP3 za 128 kbps (kilobiti kwa sekunde, namba ikiwa ndogo wimbo umebanwa zaidi), za siku nyingi, nikasema ngoja nizipandishe ziwe 320 ili kwenye spika za gari zisikike vizuri. Nikabadilisha kama nyimbo mia sita hivi, usiku kucha kompyuta inakoroma. Asubuhi kila wimbo wa dakika nne umetoka kwenye MB 4 hadi karibu MB 10, kadi imejaa, sauti ileile, na nikisikiliza kwa makini matoazi yamekuwa na mchakacho ambao mwanzo haukuwepo. Kilichokwisha kutupwa wakati wa kubana hakirudi, na ukibana tena unatupa kingine.

Siku hizi nafuata hivi: kama ninayo CD au FLAC natoa MP3 kutoka hapo, mara moja tu, na ile FLAC naitunza nyumbani siifuti. Kama ninayo MP3 tayari naiacha ilivyo. Kwa gari mimi naweka 192, wimbo wa dakika nne unakuja kama MB 6, na gari likishatembea, kwa kelele za tairi na upepo, sijawahi kutofautisha na 320. WAV, yaani sauti isiyobanwa, msiweke jamani, dakika moja ni kama MB 10, inakula kadi yote halafu haina hata pa kukaa jina la msanii ambapo kifaa kitaliona.

#3
Mimi ilikuwa kadi. Nilinunua micro SD ya GB 64, nikajaza nyimbo, nikaingiza kwenye kifaa kikasema hakuna kadi. Nikadhani kadi ni feki nikaenda kuirudisha, nikapewa nyingine, yaleyale. Nilimsumbua muuzaji wa watu bure na iliniuma.

Ukweli ni kwamba kadi zinazozidi GB 32 zinatoka kiwandani zimefomatiwa exFAT, yaani mpangilio wa kuhifadhi faili kwenye kadi, na vifaa vingi vya gari vya zamani vinajua FAT32 tu. Halafu ukitaka kuifomati kwenye Windows kwa kubofya kulia, ikizidi GB 32 hilo chaguo la FAT32 hulioni kabisa, unaona exFAT na NTFS. Nikatumia Rufus, ile wanayotengenezea flashi za kuwekea Windows, nikachagua isiyo ya kubutia (isiyo ya kuwashia kompyuta), nikachagua FAT32, dakika moja imeisha, kifaa kikaiona. Ila soma kitabu cha kifaa kwanza, kuna ambavyo mwisho wake ni GB 32 na zaidi ya hapo havisomi hata uifomati vipi, mwenye hivyo anunue kadi ndogo tu.

Na kwa wenye Mac, ukifomati kuna sehemu ya kuchagua mpangilio wa diski, weka Master Boot Record. Ukiacha ule mwingine wa GUID kadi inaweza ikawa FAT32 safi kabisa na redio ya gari bado ikaikataa.

#4
Wakuu mimi yangu inaumiza na naiandika ili mwingine asirudie.

Gari langu lina navigesheni ya kujengewa, ramani ziko kwenye kadi ya SD pembeni ya redio. Tundu la kadi liko moja. Nikaona kadi ya GB 16, ramani zimekula nusu, nikasema nafasi iliyobaki naweka nyimbo. Nikaichomeka kwenye laptop, Windows ikaleta ujumbe kwamba kadi ina hitilafu, inataka kufomatiwa, na mimi siku hiyo nilikuwa na haraka nikabofya ndiyo. Sekunde kumi. Kufungua, tupu.

Sikuandika kitu juu yake, nashukuru hilo nililijua, kwa sababu ile fomati ya haraka inafuta orodha tu, faili zenyewe zinakuwa bado zipo mpaka uandike vingine juu. Nikatumia programu ya kufufua faili, nyingi zikarudi, lakini majina mengine yakarudi yamevurugika na gari likasema hakuna data ya ramani. Nikajaribu kunakili ramani kwenye kadi nyingine, ikagoma pia, kadi nyingi za namna hii zimefungwa na namba ya kadi yenyewe, nakala haikubali hata iwe faili kwa faili. Nikanunua kadi mpya ya ramani, na bei yake ilikuwa ya kuumiza kwelikweli.

Kadi ya SD kubwa ina kile kitelezi kidogo pembeni kushoto. Kishushe kwenye alama ya kufuli kabla hujaigusisha kompyuta, hata ukibofya vibaya kwa kawaida haitafomatika. Mimi sasa kadi ya ramani haitoki kabisa ndani ya gari, nyimbo naweka kwenye flashi.

#5
Pole sana mkuu #4. Asante kwa ya kitelezi, nilikuwa nakiona miaka yote sijui kazi yake.

#6
Yangu ndogo ila ilinichosha. Albamu zinapigwa hovyohovyo, wimbo wa 1, halafu wa 10, wa 11, halafu ndiyo wa 2. Andikeni 01, 02, 03, sifuri mbele. Hiyo ilitibu nusu ya shida. Nusu nyingine ni kwamba kuna redio hazipangi kwa jina wala namba, zinapiga kwa mfuatano ambao faili ziliandikwa kwenye flashi, na Windows ukiburuta nyimbo ishirini kwa pamoja haikuhakikishii iandike ipi kwanza. Kuna programu inaitwa FatSort, na nyingine DriveSort, zinapanga upya ile orodha ndani ya flashi yenyewe. Ukiongeza nyimbo mpya unaipitisha tena.

#7
Watu wa Mac, hivi na nyie kila wimbo unaonekana mara mbili? Mmoja unapiga, mwingine jina linaanza na ._ na ukiufikia redio inakaa kimya sekunde tano inasema faili mbovu. Safari ndefu hiyo ni adhabu, kila baada ya wimbo kimya.

Vile ni vifaili vya siri ambavyo Mac inaviandika yenyewe kwenye diski za FAT32, kwenye Mac huvioni, kwenye gari unaviona. Fungua Terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika dot_clean -m halafu nafasi halafu buruta flashi hapo, enta. Halafu itoe kwa ile njia salama, usichomoe tu.

#8
Mimi nilikuwa na tatizo la majina. Nyimbo zote zinapiga lakini kioo kinaandika "msanii hajulikani", na zile zenye majina marefu zinakatwa katikati. Nikahesabu herufi, kila jina linakatika kwenye herufi ya 30. Hapo ndipo nikagundua kifaa kinasoma zile taarifa za wimbo zinazoandikwa ndani ya faili, za mtindo wa zamani wa ID3v1, ambazo nafasi yake ni herufi 30 tu, kwa sababu zile mpya zilikuwa zimeandikwa kwa toleo la 2.4 na chenyewe hakilijui. Nikafungua Mp3tag, programu ya kuhariri hizo taarifa, kwenye mipangilio nikachagua iandike 2.3, nikachagua nyimbo zote nikasevu. Kila kitu kikakaa sawa, majina kamili, albamu, mpaka namba za nyimbo.

Na picha za albamu, zipunguzeni. Nilikuwa nazo za MB 3 kila moja, wimbo ukianza kifaa kinaganda kwanza, na kikiganda hata ramani inaganda, umekaribia njiapanda hujui ukate wapi. Weka za 500 kwa 500, JPEG ya kawaida.

#9
Kuna ndugu yangu aliniletea simu anataka nimhamishie nyimbo alizopakua kwenye programu ya mziki ya kulipia kwa mwezi. Hizo hazihami, zimefungwa kwa hiyo programu na akaunti yake. Nikamuunganishia Bluetooth, yakaisha. Kama kifaa hakina Bluetooth kuna waya wa AUX.

#10
Naongezea sauti. Nyimbo zangu zimetoka sehemu tofauti, mmoja uko chini unapandisha, unaofuata unapasua masikio, na yule mama wa ramani anapotea katikati unapitiliza kona. MP3Gain inasawazisha, na uzuri wake haibani upya faili, inabadilisha ile namba ya nguvu ya sauti ndani ya MP3, kwa hatua za desibeli 1.5, kwa hiyo ubora haupungui na ukitaka unarudisha. Mimi niliweka 89 ile inayokuja nayo nikaacha.

#11
Nimesoma yote nimeona nami niseme langu, siyo mziki hasa.

Marehemu baba aliacha kanda, C60 kumi na nne, ndani anaongea, anasimulia alivyokua, anawaimbia wadogo zangu. Nilitaka niwe nazisikiliza nikiwa njiani maana naendesha sana. Kanda haina haraka, dakika 60 inarekodiwa kwa dakika 60, nilikaa nazo wikiendi nne. Nilirekodi na Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, nikasafisha ule mvumo, unachagua sekunde chache zenye mvumo mtupu ambapo hajaanza kuongea, programu inaujifunza, halafu unaiambia iutoe kwenye kanda nzima. Msizidishe, nilizidisha kanda ya kwanza akawa anasikika kama yuko ndani ya pipa, nikarudia.

Kwa kuwa ni maneno tu nikahifadhi mono (sauti ya njia moja) 64 kbps, na nikashusha sampuli, yaani mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde, hadi 22050, nikidhani faili zitakuwa ndogo zaidi. Kompyuta inapiga, simu inapiga, kifaa cha gari kinasema hakiwezi. Nikarudisha 44100 na mono ileile, kikakubali. Nusu kanda MB 14 hivi.

Sasa naendesha, baba anaongea, kifaa kinamnyamazisha kidogo kinasema baada ya mita mia tatu kata kulia, halafu yeye anaendelea palepale alipoishia.

#12
Mkuu #11 mungu amrehemu mzee. Mimi mleta uzi, nina boksi la kanda za mama sijui pa kuanzia. Redio ya kanda ninayo, ina tundu la hedifoni. Ulitumia waya gani kwenda kwenye kompyuta?

#13
Amina. Waya wa milimita 3.5 pande zote mbili, kutoka hedifoni ya redio kwenda tundu la laini la kompyuta, lile la bluu. Kama ni laptop yenye tundu moja tu la hedifoni na maiki kwa pamoja usihangaike nalo, tafuta kile kijikadi cha sauti cha USB chenye tundu la kuingizia. Sauti ya redio weka nusu, angalia mistari ya Audacity isigonge juu. Na kabla hujaanza safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, na kanda ambayo imekaa miaka ipeleke mbele mpaka mwisho na urudishe mara moja ndiyo urekodi.