Kwa nini kadi za hoki za NHL hutoka kwa kampuni moja tu?

Swali: Wenzangu, naona kadi za kukusanya za wachezaji wa NHL (ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini) zenye nembo za timu karibu zote ni za kampuni ya Upper Deck. Je, kampuni nyingine zimekatazwa kisheria, au zimeshindwa sokoni?

Jibu la 1: Ndugu, hapa kuna leseni mbili, si moja: ligi ndiyo yenye nembo na sare, ilhali chama cha wachezaji, NHLPA, ndicho kinachotoa ruhusa ya kutumia picha na majina ya wachezaji kwa pamoja. Baada ya msimu wa 2004-05 kufutwa kwa mgogoro wa mishahara, Upper Deck ilibaki na haki hizo peke yake, na ndiyo maana kadi ya mchezaji nyota Sidney Crosby ya msimu wake wa kwanza, inayotafutwa mno, ni ya Upper Deck. Kampuni ya Panini iliingia mwaka 2010, lakini tangu msimu wa 2014-15 Upper Deck imerudi kuwa peke yake.

Jibu la 2: Nakubali, ila ushindani nao una madhara yake. Msimu wa 1990-91 kampuni za Pro Set, Score na Upper Deck ziliingia kushindana na zile za zamani, Topps na O-Pee-Chee, kadi zikachapishwa kupita kiasi, na nyingi za wakati huo hazina thamani hadi leo.

Muuliza swali: Ahsanteni. Kumbe hata jina la O-Pee-Chee sasa linatumiwa na Upper Deck!