MREJESHO: Ibada kwa mwalimu Mkristo aliyeko Muscat

Ndugu zangu, mwezi Januari niliwauliza jinsi ya kushika ibada huku Oman, ambako Jumapili ni siku ya kwanza ya kazi na mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Nawashukuru sana wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kwenda Ruwi, mtaa wa hapa Muscat, siku ya Ijumaa, nikakuta makanisa ya madhehebu mbalimbali yakiwa jirani na waumini wa lugha tofauti wakipeana zamu, hata nikazoea kusubiri Wahindi wamalize. Nauli ya teksi iliniumiza mwanzoni, mpaka mwalimu mwenzangu, Mwomani mwenye asili ya Unguja ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi mtu wa Dodoma, alipojitolea kunishusha pale kabla ya kwenda msikitini.

Ushauri wa kuomba nipunguziwe vipindi vya Jumapili haukufaulu. Mkuu wa shule alinisikiliza kwa upole, akakataa, na nakiri kwamba ombi lenyewe halikuwa la busara. Sikukuu ya Pasaka niliipitisha nikifundisha hesabu, ingawa nilikuwa nimehudhuria mkesha usiku uliotangulia.